Vunjajungu, Kiwanda na Urafiki: Uhakiki wa Riwaya ya Grasshopper Jungle

Kila jamii huwalea vijana wake kwa mujibu wa mfumo wake wa uchumi. Mfumo unapowajali watu, kijana hupata kazi, heshima na mtu wa kumjibu maswali yake. Mfumo unapooza, kijana huachiwa maswali hayo peke yake. Riwaya ya Grasshopper Jungle ya mwandishi Mmarekani Andrew Smith, iliyochapishwa mwaka 2014, ni ushahidi wa jambo hili. Ni hadithi ya vijana wawili wa shule, Austin Szerba na Robby Brees, ambao urafiki wao unageuka kuwa swali gumu la mapenzi wakati ule ule dunia yao inapofikia mwisho.

Wako ndugu watakaouliza hadithi ya namna hii inatuhusu nini. Tunajibu kwamba inatuhusu, kwa sababu inaonyesha jinsi mkono ule ule unaofunga kiwanda unavyompeleka kijana mmoja vitani na kumwacha mwenzake nyumbani bila mlezi. Aidha, inatuuliza swali ambalo makada wengi hulikwepa: kijana anapoanza kujitambua kimwili na kimoyo, nani anazungumza naye?

MJI NA KIWANDA CHAKE

Mandhari ya riwaya ni Ealing, mji wa kubuni katika jimbo la Iowa. Jimbo lenyewe si la kubuni. Ni nchi ya mahindi, soya na nguruwe, ambako katika miaka ya 1980 wakulima wengi walipoteza mashamba yao kwa mabenki baada ya riba kupanda na bei ya ardhi kuanguka. Ealing imerithi majeraha ya aina hiyo. Kampuni ya McKeon, iliyokuwa tegemeo la ajira, imefungwa. Robby anaishi na mama yake katika nyumba duni ya kupanga, baba akiwa amekwisha kuwatoroka. Eric, kaka yake Austin, ni askari katika vita vya Afghanistan, vita ambavyo Marekani ilivianza Oktoba 2001 na kujitoa Agosti 2021. Anajeruhiwa vibaya, na wazazi wake wanasafiri kwenda Ujerumani kumwona hospitalini. Hivyo saa ya maangamizi inapofika, Austin hana mzazi nyumbani.

Nyuma ya bidhaa zake za kawaida, kampuni ya McKeon ilikuwa ikiendesha utafiti wa siri wa kuunda askari asiyezuilika. Matunda ya utafiti huo ni mdudu mfano wa vunjajungu, mkubwa kuliko mtu, mwenye shughuli mbili tu: kula na kujamiiana. Asidhani msomaji kwamba huo ni mchezo wa kitoto. Tarehe 17 Januari 1961, Rais Eisenhower, jenerali mstaafu, aliwaonya Wamarekani juu ya nguvu ya muungano wa jeshi na wenye viwanda vya silaha. Kati ya mwaka 1962 na 1971 majeshi ya Marekani yalinyunyizia misitu na mashamba ya Vietnam sumu za kuua mimea, zilizotengenezwa na makampuni ambayo pia yaliuza bidhaa kwa wakulima wa nyumbani. Smith amelikuza jambo ambalo tayari lilikuwapo.

UKINZANI WA DAMU

Kiini cha riwaya kimo katika tukio moja. Wahuni wa mji wanawavamia Austin na Robby uchochoroni na kuwapiga, wakiwatukana kwa sababu ya urafiki wao. Damu ya Robby inamwagika juu ya lami. Baadaye wahuni hao hao wanaiba tufe la kioo lenye viini vya maangamizi, na linavunjika pale pale penye damu. Viini na damu vinakutana, na dunia inaanza kuangamia. Lakini damu hiyo hiyo ya Robby ndiyo silaha pekee inayoweza kuwaua wadudu hao.

Hapa mwandishi ameshika ukinzani wa kweli. Wale wanaopiga ni watoto wa mji ule ule uliofilisika. Hawakufundishwa kumtambua aliyewafungia milango ya kazi, kwa hiyo wanamgeukia jirani aliye mnyonge kuliko wao. Chuki hiyo inageuka kuwa mbolea ya maangamizi yatakayowameza wao kwanza. Na wokovu, kama upo, unatoka kwa yule waliyemdhalilisha.

Tukumbuke pia kwamba Mahakama Kuu ya Iowa ilihalalisha ndoa za watu wa jinsia moja mwezi Aprili 2009. Hata hivyo, kitabu kilichotoka miaka mitano baadaye kinamwonyesha kijana akipigwa uchochoroni. Sheria inaweza kubadilika kwa siku moja. Fikra zilizoota mizizi katika umaskini na woga hazibadiliki kwa muhuri wa hakimu.

URAFIKI NA SWALI LISILOJIBIWA

Robby anajifahamu. Austin hajifahamu: anampenda Shann, mchumba wake, na anampenda Robby, wala hajui afanye nini na moyo wake. Watu wazima wanaomzunguka hawana msaada. Mama anatuliza hofu zake kwa vidonge, na shule ya kanisa ina makatazo mengi kuliko majibu. Kilichobaki ni urafiki wenyewe. Vijana hawa wawili wanaambiana ukweli, na Robby, anayejua anachotaka, hamlazimishi mwenzake.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye thamani kubwa ya kitabu. Vunjajungu wana njaa na tamaa, lakini hawana swali. Austin ana njaa na tamaa kama kiumbe yeyote, lakini anasita, anaogopa kumwumiza mwenzake, anajiuliza. Kusita huko ndiko utu. Jamii inayomfundisha mtu kula na kujistarehesha bila kujiuliza nani anaumia imekwisha kumgeuza mdudu kabla viini havijatoka maabara.

FANI NA UPUNGUFU

Austin anajiita mwanahistoria. Anarudia rudia maneno yake kama kibwagizo cha ngano, na anafuatilia ukoo wake hadi kwa Krzys Szczerba, Mpolandi ambaye jina lake lilikatwakatwa alipohamia Marekani. Mbinu hii inafaulu, kwani inaunganisha jambo dogo la chumbani na jambo kubwa la dunia. Haishangazi kwamba kitabu kilitajwa miongoni mwa vitabu vya heshima vya Tuzo ya Printz mwaka 2015.

Hata hivyo hatuwezi kuficha kasoro zake. Kwanza, Shann hana sauti. Vijana wa kiume wanajitafuta. Msichana anabeba mimba na kukaa kimya. Riwaya inayotetea utu wa kijana mmoja huku ikimfanya mwingine chombo imetetea nusu ya utu. Pili, umma haumo. Wafanyakazi walioachishwa kazi wanaonekana kama mizoga ijayo, si kama watu wanaoweza kukutana, kuuliza na kupinga. Tatu, wokovu wenyewe ni wa watu wachache, ndani ya handaki liitwalo Eden, lililojengwa na McKeon yule yule. Anayeokolewa ndani ya ghala la mwenye mali bado ni mali yake. Mwandishi ameuona ugonjwa vizuri, lakini hakuona mganga mwingine isipokuwa bahati.

HITIMISHO

Tunawashauri wanafunzi na makada wakisome kitabu hiki na kukijadili bila kucheka na bila kugeuza uso. Kijana anayeuliza juu ya mwili wake na moyo wake hapotoshwi na swali. Hupotoshwa na kimya cha waliopaswa kumjibu. Kiongozi anayejua idadi ya magunia yaliyovunwa katika kata yake, lakini hajawahi kukaa na vijana wake akawasikiliza, hajaijua kata yake. Na anayenyamaza kijana akipigwa uchochoroni kwa sababu ya anayempenda asidhani damu hiyo itakauka bila kuzaa kitu.