Picha za Watoto wa Imbabazi kama Hati za Historia ya Gisenyi

Mnamo Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walipita Gisenyi kuelekea Goma. Katika picha mashuhuri alizozipiga Sebastião Salgado kambini huko, mtu mmojammoja humezwa na umati.

Kazi aliyoianzisha mpigapicha Mmarekani David Jiranek mwaka 2000 ilifuata njia nyingine. Kituo cha yatima cha Imbabazi, kilichoasisiwa na Rosamond Carr huko Mugongo mwaka 1994, kilikuwa kimehamia Gisenyi mwaka 1997 kwa sababu za usalama. Hapo Jiranek aliwagawia watoto kamera za kutumia mara moja, nao wakapiga picha wenzao na jamii iliyowazunguka. Yatima, ambaye kwa desturi hutazamwa, akawa mtazamaji.

Hata hivyo, picha ya mtoto si ushahidi usiochujwa. Kamera ililetwa na mtu mzima, na uteuzi wa picha za maonyesho nao ni ufasiri. Jina na umri wa mtoto chini ya picha humgusa mtazamaji (pengine kupita kiasi), ilhali mtafiti huhitaji mahali, tarehe na jina la aliyepigwa.

Jiranek alifariki mwaka 2003, Carr mwaka 2006. Watoto wale sasa ni watu wazima, na baadhi yao ni wapigapicha. Mpango wowote wa kuhifadhi picha hizo uanze kwa kuwahoji wao, picha kwa picha, kwa Kinyarwanda, na kuwauliza pia ni zipi wasingependa zionyeshwe tena.