Ufundi wa Kulinda Njia Kati ya Mitandao

Intaneti haina makao makuu yanayopanga safari za data. Ni mitandao mingi, kila mmoja na mwenyewe: kampuni za simu, vyuo vikuu, benki, watoa huduma wadogo na wakubwa. Kila mtandao hupewa namba ya utambulisho na fungu la anwani, kisha huwatangazia majirani zake kwamba anwani hizo zinafikika kupitia kwake. Jirani hutia namba yake kwenye tangazo na kulipeleka kwa jirani wa pili, naye kwa wa tatu, hadi habari ienee dunia nzima. Matangazo hayo hupita kwa itifaki iitwayo BGP. Kuyahakiki ni kazi ya mafundi wachache wasiojulikana na umma, na ni ufundi unaostahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

BGP ilibuniwa Januari 1989 mjini Austin, Texas, pale Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM walipochora muundo wake kwenye karatasi za kufutia mikono wakati wa mlo. Mitandao ya siku hizo ilikuwa michache na mafundi wake walijuana, kwa hiyo haikuonekana haja ya kumdai mtu uthibitisho wa anachotangaza. Toleo la nne la itifaki hiyo ndilo linaloendesha intaneti hadi leo, na tabia ya kuaminiana limeirithi nzima nzima. Ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data, isipopewa masharti yoyote na fundi wake hulipokea tangazo, huliamini, hulipitisha.

Hatari huongezwa na kanuni moja ya ruta zote: zikiwapo njia mbili za kufikia anwani ileile, hufuatwa ile iliyotangazwa kwa fungu dogo zaidi. Februari 2008 dunia iliona kanuni hiyo ikigeuka balaa. Mamlaka ya mawasiliano ya Pakistan ilikuwa imeagiza YouTube ifungwe nchini humo. Ili kutekeleza agizo, tarehe 24 Pakistan Telecom ilitangaza kwamba anwani 256 za YouTube ziko kwake. Tangazo hilo lilikusudiwa kuishia ndani ya nchi, lakini lilivuja hadi kwa PCCW ya Hong Kong, kampuni iliyoiuzia Pakistan Telecom njia ya kutokea nje. PCCW haikulichuja. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza fungu pana la anwani 1,024 lililozijumlisha zile 256, na kwa kuwa fungu dogo ndilo hushinda, ruta za mabara mengi zilianza kuwapeleka watazamaji Pakistan, ambako maombi yao yaliishia gizani. Mafundi wa YouTube walijibu kwa kutangaza nao anwani zilezile 256, kisha wakazigawa nusu mbili za 128, ili matangazo yao yawe madogo kuliko lile la uongo. Baadhi ya ruta zilirudi kwenye njia ya kweli. Nyingine zilibaki zimepotoka hadi PCCW ilipoliondoa tangazo hilo, saa mbili na ushei tangu kadhia ianze.

Aliyekosea alikuwa Pakistan, lakini aliyeweza kulizima kosa kabla halijasambaa alikuwa Hong Kong, na silaha aliyohitaji ilikuwa mistari michache ya chujio. Fundi makini huorodhesha mafungu ya kila mteja, huagiza ruta itupe tangazo lolote lisilo katika orodha, na huirekebisha orodha kila mteja anapoongezewa au kunyang'anywa anwani. Juu ya hayo huweka kikomo cha idadi: mteja mwenye mafungu kumi akitangaza ghafla zaidi ya ishirini, muunganisho hukatika wenyewe. Kikomo kama hicho kingepunguza sana madhara ya Aprili 1997, pale mtandao mmoja wa Florida, wenye namba 7007, ulipojitangaza kuwa njia ya kwenda sehemu kubwa ya intaneti na kuzivuta data za watu kwenye ruta zisizoweza kuzibeba.

Jambo la kusifiwa hapa ni kwamba chujio humfaa zaidi mtu wa mbali kuliko aliyeliweka. Fundi wa Mwanza anayechuja matangazo ya mteja wake anawakinga watu wa Lima na Seoul wasiojua kama yupo, na hakuna ankara anayoweza kuwatumia. Katika vituo vya kubadilishana data wajibu huo huwa mzito zaidi. Kabla ya Nairobi kuwa na kituo cha aina hiyo, KIXP, kilichosimama imara mwaka 2002, barua pepe iliyotoka kwa mtoa huduma mmoja wa Kenya kwenda kwa mwingine jijini humo humo ilipitia ng'ambo kwanza. Dar es Salaam ilifuata kwa kituo chake mwaka 2004. Mitandao ikikutana mahali pamoja safari hufupika, na uongo nao hufika kwa wote kwa mara moja.

Swali gumu ni fundi aitoe wapi orodha ya kuaminika. Kumbukumbu za zamani za nani anamiliki anwani zipi zilijaa maingizo yaliyopitwa na wakati. Kuanzia 2011, mashirika yanayogawa anwani kwa kanda, AFRINIC ya Mauritius likiwamo, yalianza kutoa vyeti vya kidijitali katika mfumo uitwao RPKI. Kwa cheti hicho mwenye anwani hutia saini tamko linalosema ni mtandao wa namba gani unaoruhusiwa kuzitangaza, na mwisho wa udogo wa vipande vyake. Ni hati ya kiwanja: mtu wa pili akija kudai ardhi ileile, inajulikana nani wa kuondoka. Ruta iliyounganishwa na mfumo huu huliona kila tangazo kuwa halali, batili au lisilo na tamko, na mtandao uliojipanga hutupa yote yaliyo batili. Mwaka 2024 zaidi ya nusu ya njia za anwani za aina ya IPv4 zilikuwa tayari na matamko.

Tamko nalo lina ustadi wake. Mwenye anwani 1,024 akiruhusu zikatwe hadi vipande vya 256, ilhali yeye hatangazi vipande hivyo, amemwachia mlaghai upenyo: ataghushi namba yake, atangaze kipande, na tangazo lionekane halali. Fundi mzuri huandika kile kinachotangazwa kweli, basi. Akaunti ya kutilia saini nayo inahitaji ulinzi wake. Januari 2024 mvamizi aliingia kwenye akaunti ya Orange ya Hispania kwa neno la siri lililoibwa, akaandika matamko ya uongo, na ruta zilizokuwa zikitii sheria barabara zikaanza kuzitupa njia halisi za kampuni hiyo. Wateja wake walikosa intaneti kwa saa kadhaa.

Mfumo wa RPKI huthibitisha chimbuko la njia tu. Mitandao iliyotajwa katikati haithibitishwi. BGPsec, iliyokamilishwa 2017, humtaka kila anayepitisha tangazo atie saini yake, lakini inazichosha ruta na haina faida kubwa mpaka wengi waitumie, kwa hiyo imebaki zaidi vitabuni. Pendekezo jepesi zaidi, ASPA, huutaka kila mtandao utaje tu wanaouuzia njia, ili mpito usiowezekana ujulikane. Wakati usanifu wake ukiendelea, mafundi wa mitandao mikubwa hutumia hila rahisi: wakiona namba ya mtandao mwenzao mkubwa ndani ya njia iliyotangazwa na mteja mdogo, hulikataa tangazo papo hapo, kwa sababu mitandao mikubwa huunganishwa moja kwa moja na haina haja ya kupita kwa mteja. Sheria hiyo huandikwa kwa mkono, jirani kwa jirani, baada ya mafundi wa pande mbili kukubaliana.