Salamu ya Wimbo na Salamu ya Njiani

Wimbo uitwao "Jambo Bwana" ni wachache wasioujua. Waliutoa Them Mushrooms, wapiga muziki wa Kenya, mwaka 1982, na mwaka 1983 Boney M., kikundi cha Ujerumani, wakauimba kwa namna yao. Huimbwa katika mahoteli ya pwani, na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro huwaimbia wageni wao. Sauti yake ni tamu, tena ni mwepesi kushika. Kwa hiyo nauhukumu kama mwalimu, maana umefundisha watu wengi kuliko walimu wa shule.

Kosa lake li katika neno la kwanza. Mtu asemapo "Hujambo?" amwuliza mwenziwe, je, huna jambo la kukusumbua? Naye hujibu, "Sijambo." Katika ile hu- yumo anayesalimiwa, na katika si- yumo anayejibu, wakiwa wengi twasema "Hamjambo," nao "Hatujambo." Ukiiondoa silabi hiyo, lililobaki ni "jambo" tu, yaani shauri au kitu, haliulizi wala halimtazami mtu.

Nimemwona mgeni sokoni akimpita mama mzee auzaye samaki, akamtupia "Jambo!" bila kusimama. Mama akaitika "Jambo" kwa ile sauti tumwitikiayo mtoto anayejifunza kusema, akamtajia bei kwa Kiingereza kidogo alicho nacho, basi. Hakumwuliza atokako, wala hakumpa habari ya mvua au ya bahari. Kama angalisimama kidogo, akangoja mnunuzi aliyetangulia amalize, akasema, "Shikamoo, mama," angaliitikiwa "Marahaba," na nyuma yake maneno mengi. Wazee hutueleza kwamba shikamoo ni kushika miguu. Na ajifanyaye mdogo mbele yako, humwogopi.

Tena wimbo huu wamjua bwana peke yake. Njiani twakutana na mzee, bibi, mama, kaka, na mtoto. Mtu tusiyemjua hatuna jina lake, na jina la ujamaa ndilo hodi yetu kwake.

Wako watakaosema, "Mwalimu, wimbo ni wa furaha, si kitabu cha sarufi." Ni kweli. Waimbaji waliwatungia wageni, wakachagua maneno yasiyoushinda ulimi wa mgeni, nao waliiweza kazi hiyo; hata ule ukaribisho uliomo ni wa Kiswahili hasa. Walakini nawasikia watoto wetu wenyewe barabarani, wakimwona Mzungu, wakipiga kelele "Jambo!" ingawa pengine amekaa nchini miaka ishirini na Kiswahili chake ni safi kuliko chao. Wamekwisha kumpima kwa rangi kabla hajafungua kinywa. Hapo neno si salamu tena, ni ua wa kumweka nje. Akijibu, "Sijambo, wanangu, nanyi hamjambo?" hunyamaza kwa haya, wakatazamana.

Darasani kwangu wimbo huu twauimba bado. Ila kabla ya kuimba, watoto husimama wawili wawili, wakasalimiana kama watu wasiojuana waliokutana njia ya kisimani. Na aliye mdogo huitua ndoo yake kwanza.