Mhimili na Shafti: Neno Moja kwa Vitu Viwili

Katika maandishi ya ufundi yaonekana desturi ya kukiita mhimili kila chuma kirefu kinachozunguka. Desturi hii yastahili kupingwa, na mfano mmoja wa giaboksi ya roboti watosha kuonyesha sababu.

Katika mashindano ya FIRST, yaliyoanza Marekani mwaka 1992, wanafunzi huunda roboti, na baadhi yao huzitia giaboksi ya kasi mbili. Gia mbili, kubwa na ndogo, huzunguka huru juu ya shafti moja. Katikati yao pana pete yenye meno, isogeayo huku na huku ikishika gia moja kwa wakati mmoja. Ili pete isogezwe, shafti hutobolewa kwa urefu wake. Ufito wa chuma unaosukumwa na pistoni ya hewa hupita ndani, na pini iliyokingama hutokeza katika mianya ya ubavuni na kuikamata pete.

Sasa mtu akiandika “mhimili wenye mvungu” amesema nini? Neno hili latokana na kuhimili. Ndilo jina la boriti ichukuayo uzito. Wanajiografia nao wamelitwaa kwa mstari wa kuwazia ambao dunia huuzunguka. Mstari hauna unene, basi hautoboleki. Boriti nayo kazi yake si kuzunguka wala kupitisha msokoto, na hiyo ndiyo kazi ya shafti.

Mpinzani atajibu kwamba hata msokoto huhimiliwa. Ni kweli, lakini kila kiungo cha mashine huhimili jambo fulani, na jina lifaalo kila kitu halitambulishi kitu.

Wala huu si ubishi wa maneno matupu. Shafti ya mviringo ambayo tundu lake ni nusu ya kipenyo cha nje hupungukiwa robo ya uzito, bali nguvu yake dhidi ya msokoto hupungua kwa asilimia 6 tu hivi, kwa kuwa chuma cha katikati huchukua mkazo mdogo. Hatari i katika mianya, ambapo mkazo hukusanyika penye pembe. Ndiyo maana ncha zake hufanywa za mviringo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kitu hiki ni boriti atapima kupinda, asahau kusokotwa, na shafti itamkatikia.

Neno shafti limo vinywani mwa mafundi, nalo lakubali ngeli zetu bila taabu. Tuliandike. Mhimili tuwaachie wajenzi na wanajiografia.