Ulimi Uliopotea Safarini: Simulizi za Kuasili Watoto Wakubwa Ughaibuni

Makala haya yanakusudia kuchunguza kumbo moja ya tawasifu ambayo haijapata nafasi kubwa katika uhakiki wetu, nayo ni simulizi ya familia inayomwasili mtoto wa nchi ya mbali aliyekwisha kupata ufahamu. Mtoto mchanga hupokea jina na lugha kwa wanaomlea. Mtoto wa miaka mitano au kumi, kinyume chake, haji kama mtungi mtupu. Huja na jina aliloitwa na mamake, na lugha aliyoombea chakula. Kwa hiyo simulizi ya aina hii ina wasimulizi wawili, ijapokuwa jalada mara nyingi hubeba jina la mmoja tu. Hoja yetu ni kwamba simulizi hizi zipimwe kwa namna zinavyoyatunza maneno ya mtoto, wala si kwa ukubwa wa upendo wa mzazi. Tutajadili vitabu viwili.

Kitabu cha kwanza ni *No Biking in the House Without a Helmet* (2011) cha Melissa Fay Greene, mwandishi wa habari wa Atlanta, Marekani. Greene alilea watoto tisa: wanne wa kuwazaa, mmoja aliyemwasili kutoka Bulgaria na wanne kutoka Ethiopia. Awali alikuwa ameandika *There Is No Me Without You* (2006), kumhusu Haregewoin Teferra, mwanamke wa Addis Ababa aliyewapa makao watoto walioachwa yatima na UKIMWI; na katika kitabu hicho alikataa kumchora mlezi huyo kama malaika. Ukweli huohuo anauelekeza kwake mwenyewe katika kitabu cha 2011. Anakiri kwamba baada ya kumleta nyumbani mvulana wa Bulgaria aliingiwa na hofu na huzuni nzito, akajiuliza kama hakuivuruga familia yake. Kukiri huku ni ushujaa wa kiuandishi, maana mazoea ya kumbo hii ni kuifunga hadithi pale uwanja wa ndege, kwa maua na machozi ya furaha.

Hata hivyo, usimulizi wa nafsi ya kwanza unamfungia msomaji ndani ya kifua cha mama. Hofu ya mama tunaielewa kwa kina. Hofu ya mtoto tunaikisia kutokana na vitendo vyake. Ucheshi, ambao ndio nguvu kuu ya Greene, mara nyingine huchota maji yake katika kisima cha kutoelewana kwa lugha, na msomaji hujikuta akicheka kutoka upande wa yule mwenye lugha. Siku za mzazi ughaibuni ni siku za majaribio na ugeni. Kwa mtoto, siku hizohizo ni za mwisho za kueleweka bila mkalimani. Upande huu wa pili ndio usiosimulika kwa urahisi.

Kitabu cha pili, *A Long Way Home* (2013) cha Saroo Brierley, kinajaribu kuusimulia. Mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka mitano hivi, Saroo alipotelea ndani ya treni nchini India akafikishwa Kolkata. Mwaka 1987 aliasiliwa na familia ya Brierley ya Hobart, Tasmania, nchini Australia. Alichobeba ni maneno machache yaliyopinda ulimini: mtaa wao aliuita "Ginestlay", kituo alikopandia treni "Berampur", naye mwenyewe alijiita Saroo. Baada ya robo karne ilibainika kwamba mtaa ni Ganesh Talai katika mji wa Khandwa, kituo ni Burhanpur, na jina lake ni Sheru, yaani simba.

Kwa maoni yetu, maneno haya matatu ndiyo mhimili wa kitabu. Ni makosa ya matamshi, lakini ndani yake mna hazina yote ya mtoto. Mama mlezi hakuyaelewa, wala hakuyapuuza: alichora pamoja na mtoto ramani ya nyumbani kwao, na ramani ya India ikatundikwa ukutani chumbani mwake. Kwa kuhifadhi asichokielewa, alimwachia mwanawe njia ya kurudi. Mwaka 2011 Saroo aliutambua mji wake katika picha za setilaiti kwa kufuata reli, na mwaka 2012 akasimama mbele ya mama aliyemzaa. Hapo kilele cha hadithi kinakuwa kimya, maana Kihindi kilikuwa kimemtoka, na mama na mwana wakahitaji mkalimani. Kasoro ni kwamba kitabu, kilichoandikwa kwa msaada wa Larry Buttrose, kina Kiingereza laini mno kiasi cha kuufukia ufa huo badala ya kuuacha uonekane.

Wasomaji wa *Siku Njema* (1996) ya Ken Walibora watakumbuka kwamba Msanifu Kombo naye hufunga safari, kutoka Tanga hadi Kitale, kumtafuta babake. Tofauti ni kwamba Msanifu husafiri na lugha yake, na kwa lugha hiyohiyo anatusimulia. Saroo anasimulia kwa lugha iliyochukua nafasi ya ile aliyoipoteza.

Huenda tukaambiwa kwamba bila kuasiliwa baadhi ya watoto hawa wasingalikuwa hai, na kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wa kulea akiwamo. Tunakubali. Lakini hata Mkataba wa Hague wa 1993 unataka maoni ya mtoto yazingatiwe kwa kadiri ya umri wake, na habari za asili yake zihifadhiwe. Mhakiki hawezi kudai pungufu ya mwanasheria. Kenya ilisitisha uasili wa watoto na wageni mwaka 2014, na Ethiopia ikaupiga marufuku mwaka 2018. Watoto waliokwisha kuondoka sasa ni watu wazima, na wengine watashika kalamu. Wakiandika, tusiwaulize kwanza kama wana shukrani. Tuwaulize walikuwa wakiitwa nani, na tuwe tayari kulisikia jina hilo hata likiwa limepinda.