Jeni Imezimwa au Imezimika? Kauli za Kitenzi katika Maelezo ya Protini Rbf1 ya Nzi wa Matunda

Kitenzi *zima* humvuta upesi anayeeleza kwa Kiswahili kazi ya protini zinazozuia uvimbe. Tatizo ni kauli yake. "Jeni imezimika" ni kauli ya kutendeka, nayo humfuta mtendaji, kana kwamba taa imeishiwa mafuta. Katika nzi wa matunda mtendaji yupo: Rbf1, jamaa ya protini ya binadamu ambayo kukosekana kwake huleta saratani ya retina kwa watoto. Rbf1 huishika E2F1 na kuifunika sehemu yake inayochochea jeni za mgawanyiko wa seli. Ikiwa na E2F2, hukandamiza jeni nyingine. Mwanafunzi asiyemwona mtendaji ataelezaje uvimbe unaotokea mtendaji huyo anapopotea?

Kauli ya kutendwa, "imefunikwa" au "imekandamizwa", inafaa zaidi. Hata hivyo, *kandamiza* hudokeza nguvu ya kudumu (siasa imekizoea mno kitenzi hiki), ilhali Rbf1 huachilia vimeng'enya vinavyoongozwa na saiklini vinapoitia fosfati. Isitoshe, sehemu ya mkia wake inayohitajika katika ukandamizaji ndiyo pia inayosababisha ivunjwe upesi. Nomino "kizuizi", yenye sura ya gogo barabarani, haielezi uhusiano huo.