Mzee Aliyenyamaza Gatwick

Katika riwaya ya By the Sea (2001), Abdulrazak Gurnah anamfikisha Saleh Omar, mzee wa Zanzibar, Uingereza na pasipoti ya jina la mtu mwingine. Aliyemuuzia tiketi kamshauri ajifanye hajui Kiingereza. Afisa anachukua kikasha chake cha udi, mzee kimya. Hapo Gurnah kapiga penyewe.

Ila kimya kile kinanisumbua. Mzee anapata mwanasheria na malazi kabla hajafungua mdomo vizuri. Sisi tuliovuka mto Rusizi, hapa Nzahaha ukinyamaza sokoni hupati makala wala bei ya haki. Lazima uvunjevunje Kinyarwanda, ucheke na wanaokucheka. Shida hiyo ya kila asubuhi riwaya inaipita haraka.

Hata hivyo isomeni, hasa nyinyi mnaotuandikisha: anayenyamaza mezani kwenu, si kwamba hana la kusema.